Laga ya Kaharabu: Bia Isiyo na Pa Kuficha Kosa

Haya wasomaji, leo tuweke tarakilishi kando kidogo tuzungumzie bia. Wasiokunywa msiondoke, kwa maana mwandishi yeyote wa programu ana la kujifunza hapa.

Maoni yangu ni haya: ukitaka kujua kama mtengenezaji mdogo wa bia anaijua kazi yake, usimwombe ile aliyotia kahawa, embe au pilipili. Mwombe laga ya rangi ya kaharabu ya mtindo wa Kijerumani, ile iitwayo Märzen. Imeiva rangi kama chai ya rangi iliyokolea, na ndani yake hamna kitu cha kufunika makosa.

Historia kidogo. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. (Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu wake.) Baadaye ikaja amri nyingine: bia ipikwe kuanzia 29 Septemba hadi 23 Aprili pekee, kwa sababu ya joto iliharibika upesi. Basi kabla ya joto kuingia watu walipika bia yenye nguvu zaidi, wakaihifadhi kwenye mahandaki baridi. März ni Machi kwa Kijerumani, ndiyo asili ya jina. Neno laga nalo latokana na lagern, yaani kuhifadhi. Kila mara unapoagiza Tusker Lager unataja ghala, hata kama hukujua.

Rangi ina kisa chake. Miaka ya 1830 Gabriel Sedlmayr wa Munich na Anton Dreher wa Vienna walizuru viwanda vya bia vya Uingereza, na walichota sampuli kwa siri ili wakazipime. Udukuzi haukuanza na intaneti! Walirudi na ujuzi wa kukausha kimea, na mwaka 1841 Dreher akatoa laga yake nyekundu. Kimea tunakijua, wapika busaa hukitumia: ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ukikikausha kwa joto zaidi kinapata rangi na harufu ya ganda la mkate, kwa kemia ileile inayoipa nyama choma rangi yake ya hudhurungi.

Sasa tuonje. Puani utapata mkate uliotoka tanuri. Ulimini, utamu wa kimea unatangulia, kisha uchungu mdogo wa hopsi unaufagia, na mwisho kinywa kinabaki kikavu na safi. Haipaswi kunata kama sharubati, wala kuwa na ladha ya kuungua. Kilevi chake ni kama asilimia 6, kwa hiyo usiidharau.

Makosa nayo hujitangaza. Ukisikia ladha ya siagi, kama bisi za sinema, hiyo ni diasetili. Ukisikia tufaha bichi, ni asetaldehaidi. Vyote viwili hutengenezwa na hamira yenyewe, na ikipewa muda hamira hiyohiyo huvila tena na kuisafisha bia. Ikikatizwa mapema, taka zinabaki kwenye glasi yako.

Hapo ndipo penye shida. Bia za aina ya eli huchacha kwenye nyuzi 20 hivi na huwa tayari kwa wiki mbili tatu. Laga huchacha polepole kwenye nyuzi 10 hivi, kisha hulala wiki nyingi karibu na nyuzi sifuri. Kwa mtengenezaji mwenye matangi manne, tangi lililokaliwa miezi miwili ni mapato yaliyofungwa. Kishawishi cha kulikata jambo katikati ni kikubwa mno. Nasi tunakijua: ni kile cha kukabidhi programu kabla ya kuijaribu, kwa kuwa mteja amepiga simu mara tatu. Tangu 1975 Frederick Brooks alitueleza kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hamira nayo haitishiki na mkutano wa asubuhi.

Wapo watakaosema: laga safi hata kiwanda kikubwa hutengeneza, ya nini kulipa zaidi? Swali zuri. Kiwanda kikubwa kina maabara na majokofu, na usafi ndio nguvu yake. Anayekutoza bei ya juu kwa jina la ufundi wa mkono basi akupe usafi huo, pamoja na kimea kingi na muda wa kutosha. Inawezekana. Jim Koch alipoanza Boston mwaka 1984, bia yake ya kwanza haikuwa na vioja. Ilikuwa laga ya kaharabu kutoka mapishi ya babu zake.

Kwa hiyo ukiiona, usiinywe ikiwa barafu, kwa sababu baridi kali huua harufu na kuficha kasoro. Iache kwenye nyuzi 8 hivi, inuse kwanza, halafu muulize muuzaji: bia hii ililala wiki ngapi? Mwenye kujua kazi yake atakutajia idadi bila kusita. Akianza kukusifia picha ya kwenye chupa, rudisha pesa zako mfukoni.