Uvimbe wa maji begani

Wiki hii tunazungumzia bega. Kwetu Aru bega ndilo linalolima, linatwanga muhogo na kubeba mizigo ya soko la Ariwara.

Ukingo wa kiungo cha bega ukipasuka, maji yanayokilainisha huvuja na kujikusanya katika kifuko, mazito kama ute wa yai. Pengine kifuko kinajificha nyuma ya bega, hakionekani. Kikibana mshipa wa fahamu, mkono unapoteza nguvu: mama anashindwa kumsuka mtoto nywele, na jirani wanasema amerogwa. Si uchawi hata kidogo.

Tusikubali kichanjwe kwa wembe. Vijidudu vikiingia ndani, kiungo chote kinaweza kuharibika. Munganga atapima nguvu za mkono na kuomba ekografi. Kisichosumbua, mara nyingi kinaachwa. Kinachouma kinaweza kuvutwa maji kwa sindano, ingawa pengine kinajaa tena kwa kuwa mpasuko bado upo. Hapo upasuaji unafikiriwa.

Lakini uvimbe unaokuja pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda tuuharakishe hospitalini: kifua kikuu nacho kinashika viungo, na dawa zake zinatolewa bure.