Mtoto Siyo Kivutio cha Utalii

Makamanda, mwezi wa sita umefika. Shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinafunga, na KIA wanashuka vijana wenye mabegi mgongoni. Wengine wanakuja kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine wamelipa kampuni za kwao ili waje "kujitolea" wiki mbili tatu kwenye makao ya watoto Moshi na Arusha. Wanaimba na watoto, wanawabeba, wanapiga picha, wanaondoka.

Sisi wa Suji kujitolea tunakujua. Huku Upareni kuna msaragambo. Barabara ikikatika, au ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia, ikijaa tope, kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Anayechimba leo ndiye atakayemwagilia kesho, kwa hiyo akichimba vibaya ataona. Mgeni wa wiki tatu haoni kitu. Mtoto aliyemzoea akianza kulia, yeye yuko kwenye ndege.

Wengi wao wana nia njema kabisa, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na biashara. Mgeni akilipa ili akae na yatima, yatima anakuwa bidhaa, na bidhaa yenye soko hutafutwa mpaka vijijini. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba, duniani, walau watoto wanne kati ya watano walio kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Kilichowapeleka kule mara nyingi ni umaskini. Mama aliyeshindwa chakula na sare anaambiwa mwanae atakula na kusoma bure, anamwachia.

Sasa geuza kibao. Mwanafunzi wa sekondari kutoka Suji afunge shule, apande ndege hadi London, abishe hodi kwenye nyumba ya kulelea watoto aseme: "Nina wiki tatu, naomba niwaogeshe watoto." Ataitiwa polisi! Kule hata mwenyeji hapewi kazi hiyo kabla rekodi zake za jinai hazijakaguliwa. Kwani mtoto wetu ana thamani ndogo kuliko wa kwao?

Majirani zetu wameshalipa gharama. Mwaka 2014 Mmarekani Matthew Durham, kijana wa miaka 19, alijitolea kwenye makao ya watoto Nairobi. Mwaka 2016 mahakama huko Oklahoma ilimfunga miaka 40 kwa kuwadhalilisha kingono watoto wa pale. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea kwenye makao ya yatima. Kenya mwaka 2022 wakazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Sisi je? Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 7, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto katika eneo lake. Makao lazima yawe na leseni, na malezi ya kambo yamo humo humo kwenye sheria. Kinachokosekana ni serikali yenye nia. Watalii inawahesabu kila mwaka na kujisifu. Watoto walio kwenye makao, na wageni wanaowashika, nani anawahesabu?

Tudai mambo matatu. Orodha ya makao yenye leseni ibandikwe wazi kila halmashauri. Mgeni asiguse mtoto bila kibali na rekodi ya jinai kutoka kwao. Na kila kata ipate afisa ustawi wa jamii, pamoja na fungu la kuzisaidia familia, ili bibi anayelea wajukuu asilazimike kuwatoa.

Na sisi wenyewe tujirekebishe. CCM wakienda kwenye makao na katoni za sabuni na kamera tunawacheka, halafu matawi yetu nayo yanavaa fulana za chama, yanawapanga watoto mstari na kurusha picha kwenye makundi ya WhatsApp. Makamanda, hilo ni lile lile la mzungu, tofauti ni nauli tu.

Kwa hiyo likizo hii, tawi lenye katoni ya sabuni liipeleke kwa bibi mwenye wajukuu watano, simu zikiwa mfukoni. Kesho yake asubuhi nendeni ofisi ya mtendaji wa kata mkaulize: afisa ustawi wa jamii wa hapa ni nani, na anapatikana lini? Jibu hilo ndilo la kurusha mtandaoni.