Chaneli Sita, Wimbi Moja

JUMA lililopita kijana wa kidato cha tatu, mwana wa jirani yangu, alinijia na ndege ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti. Karatasi iliyoandamana nayo ilisema ina chaneli sita. Nilipomuuliza chaneli ni nini, alijibu pasi na kusita: ni masafa sita ya redio. Alikosea, na kosa si lake.

Neno hilo lina maana mbili. Kwa mtangazaji, chaneli ni masafa aliyotengewa. Kwa mwenye rimoti, ni njia ya amri moja: hii ya usukani, ile ya injini. Amri zote hizo husafiri kwa wimbi moja. Je, mbona hazichanganyiki?

Siri ni zamu. Katika mfumo uliotumika kwa miongo mingi, kila wenzo wa rimoti una mpigo wake. Wenzo ukisukumwa upande mmoja, mpigo huchukua takriban milisekunde moja; ukisukumwa upande wa pili, milisekunde mbili. Mipigo hufuatana, kisha huja kimya kirefu, na orodha huanza upya, yapata mara 50 kila sekunde. Ni kama mwalimu aitaye majina daftarini. Kipokezi kilichomo ndegeni huhesabu: mpigo wa kwanza, mathalan, hukipeleka kwa mota ya usukani, wa pili kwa injini. Kimya kile hukijulisha kwamba mwalimu amerudi kwenye jina la kwanza.

Masafa ni jambo jingine kabisa. Zamani, watu wawili wakitumia masafa mamoja uwanjani, ndege ilipokea amri za wote wawili ikaanguka. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Rimoti nyingi za leo, zitumiazo gigahezi 2.4, hutuma amri kwa tarakimu, na kipokezi hufungamanishwa na rimoti yake pekee.

Basi napendekeza wimbi tulitajie masafa, na njia ya amri tuiite mkondo. Maneno yote mawili tunayo tayari.

Wako watakaosema kwamba mtihani wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Sikatai. Lakini kukariri neno si kuelewa kitu, na kijana yule alikuwa na neno tu. Nilipomweleza kwa mkondo na masafa, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mpigo mmoja ukipotea njiani, si wote wanaofuata watajibu jina lisilo lao?"

Naam, hadi kimya kingine kije kuwarekebisha. Swali hilo halimo katika karatasi yake. Lilizaliwa pale alipoelewa. Walimu wenzangu, kabla ya kuwapa wanafunzi istilahi ya mtihani, wapeni kwanza maelezo kwa lugha wanayoweza kuulizia maswali.