Feni Ndani ya Kinyago: Betri ni Zana ya Kazi



Ipo kazi moja ambayo wengi wetu huiona kuwa mchezo tu. Mtu huvikwa vazi la manyoya au sponji, kichwani akafunikwa kofia kubwa ya kinyago iliyofinyangwa kwa faiba au plastiki, kisha akasimamishwa mbele ya duka, kwenye maonyesho ya biashara au uwanjani wakati wa mpira. Leo ni simba, kesho ni kuku, keshokutwa ni chupa ya soda inayocheza ngoma. Watoto hufurahi, wakubwa hupiga picha. Jioni mtu huyo hupokea ujira wa siku moja na kwenda zake. Mara nyingi hana mkataba wowote. Na mara nyingine ni mwenzetu wa kiwandani aliyechaguliwa na ofisi ya mauzo kwa sababu ana ucheshi, naye akaona haya au akaogopa kukataa.

Sisi twasema kwamba hiyo ni kazi kama kazi nyingine, nayo ina hatari zake. Hatari ya kwanza ni joto. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Ndani ya vazi la manyoya jasho halikauki, hutiririka bure. Ndani ya kofia iliyofunikwa hewa haibadiliki. Mtu hurudia kuvuta pumzi aliyokwisha kuitoa, na kioo cha macho huingia ukungu asione aendako. Katika bustani moja ya michezo mjini Hirakata, nchini Japani, mfanyakazi wa muda mwenye umri wa miaka 28 alikufa kwa joto tarehe 28 Julai 2019, baada ya zoezi la kucheza ngoma ndani ya vazi la kilo 16 hivi. Zoezi lenyewe lilikuwa la jioni, si la jua la utosini. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kazi hii ni ya kucheka tu.

Kwa ajili ya joto hilo mafundi wamebuni njia ya kuweka feni ndogo ndani ya kofia. Feni mbili za ukubwa wa kiberiti zatosha: moja karibu na kidevu ivute hewa safi ndani, nyingine juu ya utosi itoe hewa ya moto, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Ukungu huondoka kiooni na mtu hupumua. Jambo hilo ni jema. Lakini feni haizunguki kwa dua. Yahitaji umeme, na umeme huo hutoka kwenye betri. Hapo ndipo penye neno letu la leo, maana betri mbaya karibu na uso wa mtu aliyefungiwa ndani ya kofia ni hatari kuliko joto lenyewe.

Tuanze na hesabu, kwani mfanyakazi anayejua hesabu hadanganyiki. Feni ndogo ya volti 5 hutumia kama ampea 0.2. Feni mbili ni ampea 0.4, yaani wati 2 tu. Huo ni umeme mdogo sana. Betri nne za kuchaji za ukubwa wa mawe madogo ya redio, zile za aina ya nikeli zenye volti 1.2 kila moja, zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 4.8. Zikiwa na uwezo wa miliampea-saa 2,000, zitaendesha feni hizo mbili kwa muda wa saa nne hadi tano. Hakuna mtu anayepaswa kukaa ndani ya kinyago muda wote huo bila kupumzika. Kwa hiyo seti mbili, moja kazini na moja ikichajiwa, zatosha siku nzima na kubaki.

Ikiwa betri za kuchaji hazipatikani, mawe matatu ya kawaida ya alkali hutoa volti 4.5, nayo yatafanya kazi. Yasiwekwe manne, kwa kuwa yakiwa mapya huzidi volti 6 na kuisumbua feni ya volti 5. Wala isitumike ile betri ndogo ya mraba ya volti 9: volti zake zazidi mno, na nguvu yake huisha upesi. Tena jiwe la zamani lisichanganywe na jipya, kwani lile dhaifu huvuja maji makali.

Sasa tuitazame betri ya kuchaji ya lithiamu-ioni, ambayo imeenea kila mahali tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1991. Sisi hatuipingi. Ni nyepesi na ina nguvu nyingi, na ndani ya simu zetu tunaibeba kila siku. Lakini nguvu hiyo nyingi ndiyo hatari yake. Ikipigwa shoti, ikitobolewa, ikibonyezwa au ikichajiwa kupita kiasi, huweza kupata moto kwa ndani. Moto huo huzaa joto, na joto huzidisha moto, hata betri ikalipuka kwa mwali na moshi wenye sumu. Kampuni kubwa zenye wahandisi na maabara zimeshindwa nayo. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziita sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka, na mwaka huohuo ikaacha kabisa kuzitengeneza. Nasi wa viwandani tusiwasahau wenzetu 23 waliokufa tarehe 24 Juni 2024 katika kiwanda cha betri za lithiamu cha Aricell, mjini Hwaseong, Korea Kusini, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka China. Betri za pale zilikuwa za aina isiyochajiwa, lakini funzo ni lilelile: lithiamu ikikasirika haimpi mtu nafasi ya kutafuta mlango.

Basi fikirini, ndugu, mtu aliyevaa kofia iliyokazwa kwa mikanda, mikono yake imo ndani ya glavu nene zisizoshika kitu, haoni vizuri, haisikii vizuri sauti ya mwenzake, na betri ya namna hiyo imefungwa kwa gundi nyuma ya kisogo chake. Ataivua kwa sekunde ngapi?

Vibaya zaidi ni vile vichupa vya lithiamu visivyo na kinga, vinavyotolewa katika kompyuta chakavu au kuuzwa rejareja sokoni. Vingine vimeandikwa miliampea-saa 9,900. Hiyo ni hadaa tupu: kichupa cha kweli cha ukubwa ule hakifiki hata nusu ya hapo. Anayedanganya juu ya uwezo, kwa nini tumwamini juu ya usalama? Mafundi wengine huunganisha vitatu ili kuendesha feni za kompyuta za volti 12. Shida hiyo inatokana na kuchagua feni isiyofaa. Chagua kwanza feni ya volti 5, na haja ya betri ya hatari itaondoka yenyewe.

Ikiwa ni lazima kutumia lithiamu, basi iwe pawabenki kamili iliyofungwa kiwandani, yenye kinga ya shoti na ya kuchaji kupita kiasi, iliyopimwa kwa kanuni ya kimataifa ya IEC 62133, na inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti. Ya miliampea-saa 10,000 itaendesha feni zetu mbili zaidi ya saa kumi. Lakini ijaribiwe kwanza, kwa kuwa baadhi ya pawabenki hujizima zikiona umeme unaotumika ni kidogo.

Na betri ya aina yoyote isikae kichwani. Mahali pake ni kiunoni, juu ya mkanda, nje ya manyoya mazito, ndani ya kifuko kisichopitisha jasho, na waya upande hadi kwenye kofia kwa kiungo kinachochomoka kikivutwa. Karibu na betri iwekwe fyuzi ya ampea 1, kwa kuwa hata betri za nikeli zikipigwa shoti huweza kuyeyusha waya. Swichi iwe mahali ambapo mvaaji ataigusa hata akiwa na glavu. Si sisi tuliobuni ushauri huu wa kiunoni. Zile kofia za kupumulia zenye feni, wanazovaa wachomeleaji wa vyuma na watu wa dawa za sumu, kwa kawaida hubeba betri na mashine yake kwenye mkanda. Ikiwa wahandisi wa vifaa vya usalama wameona hivyo, fundi wa kinyago ana sababu gani ya kufanya vingine?

Tena betri isichajiwe ikiwa imo ndani ya vazi, wala usiku chumbani mwa watu waliolala. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwepo. Ikivimba, ikinuka au ikipata moto isivyo kawaida, itolewe kazini siku hiyohiyo. Na moto ukitokea, kwanza mtu avuliwe kofia na vazi na kuondolewa kwenye moshi. Betri baadaye, kwa maji mengi.

Sasa twafika kwenye kiini cha maoni yetu. Nani anunue vitu hivi? Waajiri wengi husema: vazi ni letu, starehe ni yako, ukitaka feni, jinunulie. Naye kibarua wa siku moja, akiupima ujira wake, atakwenda sokoni kununua kile cha bei ya chini kabisa. Hivyo kile kichupa cha udanganyifu kinafika kichwani mwake kwa sababu ya umaskini aliosukumiwa na mwajiri, wala si kwa ujinga wake.

Feni si starehe. Ni kifaa cha kujikinga, kama buti la mkata miwa na glavu za mfanyakazi wa rangi. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 155 wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinamkinga mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliweka usalama na afya kazini katika haki za msingi. Japani nayo, tangu tarehe 1 Juni 2025, inawalazimisha waajiri kwa sheria kuchukua hatua dhidi ya joto kazini. Huko California, Marekani, wavaaji wa vinyago na wachezaji wa maandamano wa Disneyland walipiga kura mwezi Mei 2024 kujiunga na chama cha wafanyakazi, kura 953 kwa 258. Watu wa kinyago wamejitambua kuwa wafanyakazi. Sisi tunangoja nini?

Wapo wenzetu watakaosema kwamba chama kina mambo makubwa ya mishahara na vibarua wasioajiriwa, kisipoteze wakati kwa feni za kuku wa plastiki. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwajiri akizoea kwamba mvaaji wa kinyago ajinunulie betri, kesho atamwambia mpuliza dawa wa shambani ajinunulie chujio la kofia yake, na mchomeleaji ajinunulie miwani. Jambo hili ni dogo kwa bei, si kwa maana yake. Betri nne za kuchaji na chaja yake hazimfilisi mwenye kiwanda.

Wala tusidanganyike kwamba feni imemaliza kazi. Feni hupeperusha hewa, haiipozi. Hewa ya nje ikishakuwa ya moto kama ngozi na yenye unyevu mwingi, msaada wake ni mdogo. Kwa hiyo mwajiri asitoe betri kwa mkono mmoja na kunyang'anya mapumziko kwa mkono wa pili. Vipindi vifupi ndani ya vazi, kivuli, maji ya kunywa, na mwenzake wa kumsindikiza na kumvua kofia: hayo hayana badala.

Nchi tatu za Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Mashindano makubwa ya namna hiyo huleta matangazo, na matangazo huleta vinyago. Vijana wetu watavikwa. Yafaa matawi yetu yaliweke jambo hili mezani mapema, kabla kofia hazijanunuliwa: feni ya volti 5, betri iliyo salama, mahali pake kiunoni, gharama kwa mwajiri, na muda wa kupumzika ulioandikwa. Wajumbe wa usalama wa matawi waombe kuiona kofia, waifungue ndani, waulize betri iko wapi na ni ya aina gani. Wakiona kichupa kimegandishwa kisogoni kwa gundi, waseme hapana siku hiyohiyo, kabla mtu hajavikwa.