Karatasi za Bibi Salme, na Zetu

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi, zimehifadhiwa karatasi za jamaa moja ya Unguja: barua, picha, miswada na vitabu vya Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na vya mwanawe, Rudolph Said-Ruete. Mwana huyo ndiye aliyezikabidhi kwa taasisi ya elimu ya Mashariki mjini humo. Wapo watakaouliza mfanyakazi wa bandarini ana haja gani na makaratasi ya binti wa Sultani. Sisi twasema anayo haja, tena kubwa.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi bibi huyo alivyoipata kalamu. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipokula njama ya kumpindua Majid, ujuzi huo ndio uliotafutwa: msichana wa miaka 15 akawa karani wa njama, akiwaandikia barua wakubwa wa nchi. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay.

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mumewe alikufa Hamburg mwaka 1870 baada ya kuumizwa na tramu, akamwachia watoto watatu na shida nyingi. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimleta Unguja pamoja na manowari zake, ili madai yake ya urithi yawe fimbo ya kumtishia Barghash, ambaye wakati huo alikuwa Sultani. Wajerumani walipopata walichokitaka bara, mjane yule hakuwa na kazi tena kwao, akarudi mikono mitupu. Yote hayo twayajua kwa sababu aliandika, na kwa sababu alichoandika kilitunzwa.

Lakini karatasi hizo zataka kusomwa kwa macho mawili. Mamake Salme, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, mtu aliyenunuliwa kwa fedha. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, binti huyu wa mtumwa autetea utumwa wa nchi yake. Hatusemi hivyo ili kumtukana marehemu. Twasema ili ieleweke kwamba mwenye karatasi husimulia mambo kama yalivyoonekana kutoka barazani kwake, na aliyekuwa akichuma karafuu shambani hakupewa kalamu ya kumjibu. Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa nguvu ya utumwa Unguja, waliowekewa fidia ni mabwana. Mtumwa mwenyewe twamkuta mara nyingi ndani ya maandishi ya watu wengine, akihesabiwa pamoja na minazi.

Je, sisi tumejifunza? Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na wafanyakazi wa Unguja wakagoma mwaka 1948. Leo mtu atakaye kujua habari za migomo hiyo hana budi kufungua majalada ya serikali ya kikoloni, yaani asome maneno ya wale wale waliogomewa. Na je, daftari za matawi yetu ya kwanza ziko wapi? Kadi, stakabadhi za ada, kumbukumbu za mikutano? Nyingine zimeliwa na mchwa. Nyingine, twaona haya kusema, zimefungiwa karanga.

Hatuna ugomvi na watu wa Leiden, kwani walitunza walichopewa. Ila tungependa nakala za karatasi hizo zipatikane kwa wepesi katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, ili mwanafunzi wa Unguja asihitaji nauli ya ndege kusoma habari za kwao. Na kwa ndugu makatibu wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi ombi letu ni hili: fungueni makabati mwezi huu. Daftari lililochakaa lisitupwe. Liandikwe jina la tawi na mwaka, lifungwe vizuri, kisha lipelekwe kwenye nyaraka za mkoa au za taifa. Na wazee waliolipa ada za mwanzo wangali hai baadhi yao. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.