Barabara ikisombwa, vitabu vya serikali vinasema nini?

NYAKIRIBA, Rubavu – Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na Mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu. Nyumba na barabara ziliharibiwa. Lakini katika vitabu vya hesabu, barabara nyingi za umma zilikuwa zimekwisha kutoweka kitambo.

Sababu ni mfumo. Kwa miaka mingi Rwanda ilitumia uhasibu wa fedha taslimu uliorekebishwa. Ankara zisizolipwa hadi Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ziliandikwa kama deni. Ila barabara, soko au ofisi ya tarafa ilihesabiwa kuwa matumizi siku ilipolipiwa, na baada ya hapo haikuwa na thamani yoyote kwenye mizania.

Mfanyabiashara hafanyi hivyo. Lori lake huliandika kama mali, kisha hukata uchakavu kila mwaka. Soko la faranga milioni 60 litakalodumu miaka 20, kwa mfano, huchakaa kwa milioni 3 kwa mwaka. Viwango vya IPSAS, ambavyo kwa sehemu kubwa vimetokana na vile vya makampuni, vinaitaka serikali ihesabu vivyo hivyo. Tanzania ilianza Julai 2012, Kenya Julai 2024, na Rwanda imekuwa ikihamia huko kwa awamu.

Hata hivyo serikali si duka. Lori huleta nauli; barabara ya kijijini haiuzi kitu, hivyo hupimwa kwa huduma inayotoa. Kodi nayo si mauzo, kwa kuwa mlipaji hapewi bidhaa ya thamani ileile. Ndiyo maana viwango vya biashara havikunakiliwa vyote kama vilivyo.

Kazi ngumu ni kuorodhesha. Tarafa kama Nyakiriba, shule na vituo vya afya huripoti kupitia wilaya, na majengo mengi ya zamani hayana hati za gharama. IPSAS 33 inatoa hadi miaka mitatu ya kujipanga.

Kwa mkulima wa viazi anayetegemea soko la Goma, faida itaonekana pale tu milioni 3 za uchakavu zitakapozaa fungu la matengenezo katika bajeti. Bila hilo, daftari litakuwa safi na barabara itabaki na mashimo.