Heshima kwa wanafunzi bora, na deni lake

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, halikutaja tena shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora kitaifa. Lilieleza kwamba kuwashindanisha wanafunzi wanaosoma katika mazingira tofauti hakuna tija. Hivyo ukafika kikomo utamaduni wa kumsubiri “Tanzania One”.

Sisi wana Bukoba tunaujua utamu wa orodha ile. Katika matokeo ya mwaka 2014, Shule ya Sekondari Kaizirege iliongoza taifa zima. Furaha yetu ilikuwa halali: bidii hustahili kutajwa kwa heshima.

Hata hivyo, hoja ya Baraza ina uzito. Mtoto wa shule ya bweni yenye maabara na walimu wa kutosha hapimwi kwa haki na mwenzake wa shule ya kata, anayetembea kwa miguu asubuhi na kurudi jioni kusaidia migombani kabla ya kufungua daftari. Katika mfano wa talanta, aliyekabidhiwa tano na aliyekabidhiwa mbili walipokea pongezi ileile, kwa sababu bwana wao alimpima kila mmoja kwa kile alichopewa.

Lakini kufuta orodha hakukuziba pengo. Matokeo ya kila shule yangali mtandaoni, na wazazi huyalinganisha wenyewe kabla ya kulipa ada. Tunaona heri heshima inayofungua njia. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwagharimia elimu ya juu waliofaulu zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Hapo ufaulu hauishii katika makofi. Hata hivyo, unamfikia aliyekwisha kupanda. Aliyekwama kidato cha pili kwa kukosa daftari na chakula cha mchana anabaki mikononi mwetu.

Basi, jumuiya ndogo ndogo za Buhembe zinapoandaa zawadi za wahitimu, zimkumbuke pia aliyepanda kutoka daraja la nne hadi la pili, na zichangie mahitaji ya aliye nyuma. Naye aliyevishwa medali asisahau kwamba aliyepewa vingi hudaiwa vingi. Likizo ikifika, akae na wadogo zake awafundishe hisabati. Hapo heshima yake itakuwa baraka kwa kijiji kizima.